Barua ya Bima ya Kukataa Madai Si Hukumu

Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi wa Kaunti ya Kilifi kuhusu madai ya bima baada ya ajali ya barabarani



Kaunti ya Kilifi inapitiwa na barabara kuu mbili. Moja inatoka Mombasa kwenda Malindi, ikipita Mtwapa, Kilifi mjini na Gede. Nyingine ni ile ya Mombasa kwenda Nairobi, inayopita Mariakani. Barabara hizi zinaleta biashara, zinapeleka wagonjwa hospitalini na watoto shuleni. Barabara hizi pia zinaua. Katika miaka ya hivi karibuni, zaidi ya watu 4,000 wamekuwa wakifariki kila mwaka katika ajali za barabarani hapa Kenya, na wanaojeruhiwa ni wengi kuliko hao.

Mazungumzo ya leo yanahusu miezi inayofuata baada ya ajali. Majeruhi ametoka wodini, ankara haijaisha, kazi imesimama, kisha inakuja barua ya kampuni ya bima ikisema kwamba madai yamekataliwa. Wengi huitia barua hiyo kwenye mfuko mmoja na picha za eksirei, wakanyamaza. Wengine hupigiwa simu wakaahidiwa pesa kidogo, wakatia sahihi wasichokisoma.

Jambo la kushika leo ni moja: barua ya bima ya kukataa madai si hukumu. Ni msimamo wa upande mmoja katika mzozo. Mwananchi mwenye karatasi zake na anayejua muda wake anaweza kuupinga.

Bima hiyo ni ya nani?

Sheria ya Bima ya Magari kwa Hatari za Mtu wa Tatu, Sura ya 405 ya sheria za Kenya, inamlazimu kila mwenye gari linalotumika barabarani awe na bima ya kuwalinda watu wengine. Ndiyo ile ambayo wengi huiita thadi pati. Pikipiki na tuktuk haziko nje ya sheria hii.

Mtu wa tatu ni nani? Ni mtembea kwa miguu aliyegongwa akivuka barabara. Ni mwendesha baiskeli. Ni aliyekuwa ndani ya gari la pili. Ni abiria wa matatu aliyelipa nauli yake. Hawa hawakununua bima, lakini sheria imewawekea. Kwa hiyo majeruhi anayedai fidia haombi msaada wala hafanyiwi hisani. Anadai kile ambacho mwenye gari alilazimishwa na sheria kukilipia mapema.

Bima hii ina kikomo. Kwa majeraha au kifo cha mtu mmoja, kampuni ya bima hailazimiki kulipa zaidi ya Sh3 milioni. Mahakama ikitoa fidia kubwa kuliko hiyo, kinachozidi kinadaiwa kwa mwenye gari mwenyewe.

Sababu ambazo hazimhusu majeruhi

Hapa ndipo wengi hukata tamaa bure. Barua ya bima huweza kusema kwamba matatu ilikuwa imejaza abiria kupita kiasi. Au breki za gari zilikuwa mbovu. Au dereva alikuwa mgonjwa au hakuwa na umri ulioandikwa kwenye mkataba. Au lori lilibeba mzigo mzito kuliko inavyoruhusiwa, au gari lilikuwa nje ya saa au eneo lililokubaliwa.

Sheria ya Sura ya 405 imeyataja mambo haya waziwazi. Inasema masharti ya mkataba wa bima kuhusu umri na hali ya dereva, hali ya gari, idadi ya watu, uzito wa mzigo, na saa au maeneo ya safari, hayawezi kutumiwa kumnyima mtu wa tatu haki yake. Kampuni inatakiwa ilipe kwanza, kisha ikitaka imfuate mteja wake aliyevunja masharti ili arudishe pesa hizo. Ugomvi huo ni wa kampuni na mwenye gari. Abiria aliyevunjika mguu hakuwa na uwezo wa kukagua breki stejini wala kumshusha abiria wa kumi na tano.

Lakini si kila sababu huanguka hivyo. Orodha hiyo ya sheria haikutaja matumizi ya gari. Gari dogo lililokatiwa bima ya matumizi ya binafsi, kisha likawa linabeba abiria kwa nauli, huleta mzozo mgumu zaidi, na kampuni nyingi hushikilia hapo. Vilevile kampuni inaweza kwenda mahakamani kuomba itamkwe kwamba mkataba haukuwa halali kwa sababu mwenye gari alidanganya alipokuwa akikata bima. Hata hapo, ni lazima iende mahakamani, na kwa muda uliowekwa. Haitoshi kuandika barua na kufunga faili.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya anayepokea barua ya kukataliwa ni kuuliza: sababu iliyotolewa ni ipi hasa? Ikiwa barua haisemi, aandike kwa kampuni aombe sababu kwa maandishi. Maneno ya simu hayana faida mbele ya hakimu.

Karatasi ndizo zinazozungumza

Mzozo wa bima huamuliwa kwa kilichoandikwa. Kazi hii huanza siku ileile ya ajali, na kama majeruhi hawezi, jamaa au jirani amfanyie.

La kwanza ni polisi. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamtaka dereva aliyehusika katika ajali iliyojeruhi mtu asimame, na ikiwa hakutoa maelezo yake papo hapo, aripoti polisi haraka iwezekanavyo na kwa vyovyote ndani ya saa 24. Majeruhi naye, au jamaa yake, ahakikishe ajali imeandikwa na apate nambari ya OB. Nambari hiyo ndiyo itakayomwezesha kupata abstrakti ya polisi. Abstrakti isomwe pale pale kituoni kabla ya kuondoka nayo. Nambari ya gari ikikosewa herufi moja, jina la majeruhi likiandikwa tofauti na la kitambulisho, au tarehe ikiwa si yenyewe, kampuni itapata mahali pa kushika. Ni rahisi kurekebisha kosa siku hiyo kuliko baada ya mwaka mmoja, afisa aliyeandika akiwa amehamishwa.

La pili ni hospitali. Katiba, katika kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, kwa hiyo matibabu yatangulie kabla ya karatasi. Baada ya hapo majeruhi atunze kila kitu: kadi ya matibabu ya siku ya kwanza, muhtasari wa kuruhusiwa kutoka wodini, picha za eksirei na ripoti zake, na fomu ya P3 iliyojazwa na daktari. Aliyeumia akaenda nyumbani, akaja hospitalini baada ya wiki mbili, ataulizwa kama kweli aliumia kwenye ajali ile. Anayehisi maumivu, hata madogo, aonwe na daktari mapema.

La tatu ni risiti. Mahakama za Kenya hugawa fidia sehemu mbili. Ipo fidia ya maumivu na ulemavu, ambayo hakimu huipima kwa kulinganisha na kesi zilizotangulia za majeraha kama hayo. Na ipo hasara inayohesabika: dawa, ankara, nauli ya kwenda kliniki, magongo. Hii ya pili lazima itajwe wazi katika karatasi za kesi na ithibitishwe shilingi kwa shilingi. Aliyelipa Sh40,000 akabaki na risiti za Sh12,000, ajiandae kurudishiwa Sh12,000.

La nne ni gari lenyewe. Nambari ya usajili iandikwe, na stika ya bima kwenye kioo ipigwe picha ikiwezekana. Rekodi ya mmiliki hupatikana kwa kuomba utafutaji kutoka NTSA kupitia eCitizen kwa ada ndogo. Hili ni muhimu kwa sababu dereva wa matatu mara nyingi si mwenye gari, na kumshtaki asiye mwenyewe ni kupoteza muda.

La tano ni mashahidi. Majina na nambari za simu za watu wawili watatu walioona zichukuliwe kabla hawajatawanyika. Abiria wa safari ndefu wakishuka Malindi au Mombasa, hawaonekani tena.

Mfano wa hesabu

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja anauza samaki Mtwapa. Akiwa kwenye matatu, gari linapinduka naye anavunjika mfupa wa paja. Anakaa hospitalini wiki tatu na nje ya biashara miezi minane. Kampuni ya bima kwanza inakataa, ikisema matatu ilijaza kupita kiasi. Mama anapojibu kwa maandishi, kampuni inabadilisha sauti na kumwambia aje ofisini achukue Sh80,000, atie sahihi karatasi moja.

Karatasi hiyo maofisini huitwa dischaji. Ndani yake kuna maneno yanayosema kwamba mpokeaji amelipwa malipo kamili na ya mwisho, na hatadai tena. Akishatia sahihi, madai yake kwa kawaida yamekwisha, hata kama mguu utahitaji upasuaji wa pili mwaka ujao. Si vibaya kuafikiana nje ya mahakama. Mapatano ya haki huokoa miaka. Lakini yasifanywe kabla daktari hajasema jeraha limefikia wapi na matibabu gani yamebaki, na mtu asitie sahihi siku ileile anayooneshwa karatasi. Aende nayo nyumbani, asomewe na anayeielewa.

Tuseme mama huyo alikataa, kesi ikasikizwa, na hakimu akapima fidia kuwa Sh500,000. Wakili wa upande wa pili akathibitisha kwamba mama hakufunga mkanda uliokuwepo. Hakimu anaweza kusema asilimia 20 ya madhara yalitokana na yeye mwenyewe. Atapata Sh400,000. Hili liwaguse pia abiria wa boda boda: helmeti inalinda kichwa, na inalinda fidia pia.

Njia ya kupinga

Hatua ya kwanza ni kuiandikia kampuni yenyewe. Barua itaje nambari ya madai, tarehe ya ajali, nambari ya gari, sababu waliyotoa na kwa nini haikubaliki, na nakala za karatasi ziambatanishwe. Karatasi asilia zibaki nyumbani. Barua ipelekwe kwa mkono, na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa.

Hatua ya pili, kampuni ikikaa kimya au ikikataa bila sababu ya msingi, ni kulalamika kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Mamlaka hiyo ndiyo inayosimamia kampuni za bima nchini chini ya Sheria ya Bima, Sura ya 487, na hupokea malalamiko ya wananchi bila malipo. Inaweza kuitaka kampuni ijieleze. Lakini Mamlaka haichukui nafasi ya mahakama. Pale ambapo ubishi ni nani alisababisha ajali, au jeraha lina thamani gani, hakimu ndiye mwenye neno.

Hatua ya tatu ni mahakama. Anayeshtakiwa kwanza ni mwenye gari na dereva, si kampuni ya bima. Kampuni inapaswa kupewa taarifa ya maandishi kuhusu kesi hiyo, na salama zaidi ni kuipa kabla kesi haijawasilishwa. Wengi wameshinda kesi wakashindwa kulipwa kwa sababu taarifa hiyo haikutolewa kwa wakati. Hukumu ikishatolewa na taarifa ilikuwepo, kifungu cha 10 cha Sura ya 405 kinailazimu kampuni kulipa. Ikikataa hata hapo, mwenye hukumu anaweza kuishtaki kampuni moja kwa moja akiwa na hukumu hiyo mkononi.

Kaunti hii ina mahakama za hakimu Kilifi, Malindi na Mariakani. Hakimu mkuu anaweza kusikiza kesi za madai ya hadi Sh20 milioni, kwa hiyo kesi nyingi za ajali huishia ngazi hiyo. Ipo pia Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2016, ya madai yasiyozidi Sh1 milioni, ambayo kesi zake zinatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Inafaa sana kwa aliyeharibiwa gari, pikipiki au bidhaa. Kwa majeraha ya mwili, majaji wa Mahakama Kuu wametofautiana kuhusu mamlaka ya mahakama hiyo, kwa hiyo aliyejeruhiwa apate ushauri wa wakili kabla ya kuichagua.

Saa haisimami

Sheria ya Muda wa Kufungua Kesi, Sura ya 22, inampa aliyejeruhiwa kwa uzembe wa mwingine miaka 3 tangu siku ya ajali. Kwa waliofiwa, wanaodai chini ya Sheria ya Ajali za Vifo, Sura ya 32, ni miaka 3 tangu siku ya kifo. Wanaonufaika hapo ni mume au mke, watoto na wazazi wa marehemu, na familia ianze mapema kutafuta idhini ya mahakama ya kusimamia mali ya marehemu.

Miaka 3 inaonekana mingi, lakini hupita haraka. Mwaka wa kwanza huisha kwa matibabu. Wa pili huisha kwa ahadi za simu, "njoo wiki ijayo, meneja hayupo". Wa tatu huisha kwa kungoja kesi ya trafiki ya dereva. Na hapa kuna makosa mawili. Mazungumzo na bima hayasimamishi muda, wala malalamiko kwa Mamlaka hayausimamishi. Na kesi ya fidia haihitaji kungoja kesi ya trafiki. Dereva akipatikana na hatia, hukumu hiyo humsaidia mdai. Akiachiliwa, mdai bado anaweza kuthibitisha uzembe wake, kwa sababu kiwango cha ushahidi katika kesi ya madai ni cha chini kuliko cha jinai.

Kwa mwenye gari

Mwenye gari aliyekata bima kamili ana mzozo wa aina nyingine. Yeye alitia sahihi mkataba, kwa hiyo masharti yake yanamfunga. Leseni ya dereva iliyokwisha muda, kuchelewa kuripoti, au kubeba abiria kwa gari la binafsi, vinaweza kumnyima malipo ya gari lake. Anapobishana kuhusu thamani, ana haki ya kuomba nakala ya ripoti ya mkadiriaji wa kampuni, na anaweza kumlipa mkadiriaji wake mwenyewe ili apinge kwa takwimu. Mkataba usomwe kabla ya kulipiwa. Kinachotafutwa ni kiasi atakachojilipia mwenyewe kwanza, na kama gari litalipwa kwa bei ya soko ya siku ya ajali au kwa bei iliyoandikwa.

Wanaokuja wodini

La mwisho ni la tahadhari. Wako watu wanaozunguka wodini na vituoni wakijidai wametumwa na wakili au na bima. Hushawishi majeruhi kutia sahihi au kidole kwenye karatasi tupu, wakachukua abstrakti na kitambulisho, na familia haisikii tena habari za kesi mpaka igundue kwamba pesa zililipwa zamani. Wakili wa kweli ana ofisi, ana cheti cha mwaka huo cha kufanya kazi, na jina lake linaweza kuthibitishwa katika Chama cha Mawakili cha Kenya. Sheria ya Mawakili haitambui mkataba wa wakili kulipwa pale tu kesi inaposhinda. Malipo yaandikwe, na kila pesa itolewe risiti. Asiyejiweza aulize Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2016.

Na pale ambapo kampuni ya bima yenyewe imefilisika, uko Mfuko wa Fidia wa Wenye Bima, ambao hulipa madai hadi kiwango kilichowekwa. Hailingani na fidia kamili, lakini si bure.

Ndugu wakazi, anayekwenda kudai fidia na aende na nambari ya OB, abstrakti iliyosomwa, karatasi za hospitali, risiti na tarehe ya ajali akilini. Akiwa na hayo kabla ya miaka 3 kwisha, barua ya kukataliwa inabaki kuwa barua tu. Asiyejua pa kuanzia aulize ofisi ya chifu au ya msimamizi wa wadi yake, aelekezwe mahakama iliyo karibu, na wenye watu walio wodini leo wapelekewe maneno haya.